Daktari ameandika “ganzi”: ni R20.0, ni R20.2, au ni kisukari chenyewe?

#1 KalamuYaWodi
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada katika jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo limenirudishia mafaili matatu mezani ndani ya wiki mbili. Mgonjwa wa kliniki ya nje, mwenye kisukari cha aina ya pili, alikuja na malalamiko ambayo daktari aliyaandika hivi: “Ganzi mikono yote miwili, huzidi usiku. ? kisukari ? handaki la kifundo cha mkono. Apimwe.” Hakuna neno jingine. (Handaki ni ile njia nyembamba ya kifundoni ambamo neva hubanwa.) Katika misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, mimi niliandika R20.2 kwa dalili, kisha E11.9 kwa kisukari kisicho na matatizo. Mkaguzi amelirudisha faili akisema kwamba ganzi ni R20.0, na kwamba hata hiyo R20.0 haitakiwi, kwa kuwa mgonjwa mwenye kisukari akipata ganzi huandikiwa E11.4, yaani kisukari chenye matatizo ya neva (mishipa ya fahamu), moja kwa moja. Nani amekosea, na amekosea wapi?

#2 FaharasaKwanza
Karibu. Anza na faharasa ya maneno kabla ya jedwali la misimbo, maana makosa mengi ya kundi la R20 hutokana na mtu kukariri msimbo na kuacha kuutafuta. Kundi lenyewe ni fupi: R20.0 ni ngozi isiyohisi kabisa, R20.1 ni hisia zilizopungua, R20.2 ni parestesia, yaani kuchomwachomwa kama na sindano au kutambaliwa kama na sisimizi, R20.3 ni hisia zilizozidi kiasi, na R20.8 hubeba yaliyobaki. Faharasa ya toleo la Kimarekani humpeleka mwenye kufa ganzi R20.0, na mwenye kuchomwachomwa R20.2. Daktari wako hakuandika kuchomwachomwa popote. Kwa hiyo, katika hilo la kwanza mkaguzi wako ana hoja.

#3 MpendaKamusi
Samahani #2, hoja hiyo inasimama tu ikiwa faharasa inalifahamu neno “ganzi”, nayo hailifahamu, kwa sababu haikuandikwa kwa Kiswahili. Mtu aliyeukalia mguu wake muda mrefu husema umekufa ganzi, naye huwa anasimulia mambo mawili yanayofuatana: kwanza mguu hausikii hata ukiufinya, kisha hisia zinaporudi unachomachoma hadi mwenyewe anauma meno. Yote mawili huyaita ganzi. Sindano anayochomwa mtu kabla ya kung’olewa jino huitwa sindano ya ganzi, na hapo maana ni kutohisi kabisa, lakini meno yaliyoingiwa na kitu kikali nayo husemwa yametiwa ganzi, ilhali meno hayo yanahisi kupita kawaida. Neno moja, basi, limeenea kuanzia R20.0 hadi R20.3. Anayelipeleka R20.0 bila kuuliza anatafsiri, hasomi faili.

#4 FaharasaKwanza
Nakubali kuhusu lugha. Hata hivyo, aliyeandika ni daktari, si mgonjwa, na daktari hutarajiwa kuwa amekwisha kulichuja neno la mgonjwa kabla ya kuliandika.

#5 MpendaKamusi
Hutarajiwa, ndiyo.

#6 MezaYaMadai
Nimekaa upande wa ukaguzi miaka mingi, basi niruhusuni nimtetee mwenzangu asiye hapa. Ipo kanuni kwamba kisukari kikitajwa pamoja na tatizo la neva, mweka misimbo huchukulia kwamba viwili hivyo vina uhusiano hata kama daktari hakuuandika, isipokuwa aseme wazi kwamba havihusiani. Ganzi ni tatizo la neva. Mkaguzi hakuvumbua jambo.

#7 HerufiSaba
#6, kanuni hiyo ipo, lakini umeivusha mipaka yake mara mbili. Kwanza, ni ya mwongozo wa toleo la Kimarekani, nayo inahusu magonjwa yaliyoorodheshwa chini ya kisukari katika faharasa hiyo. Neuropathia, yaani ugonjwa wa neva, imo katika orodha, ganzi haimo. Pili, ganzi ni dalili, na dalili inaweza kuletwa na mambo ishirini, kisukari kikiwa mojawapo. Ukiichukua ganzi ukaiita neuropathia ya kisukari, umefanya utambuzi wa ugonjwa ukiwa umeketi mezani, bila kumwona mgonjwa. KalamuYaWodi, mnatumia toleo lipi huko? Tusije tukabishana juu ya vitabu viwili tofauti.

#8 KalamuYaWodi
Tunatumia lile la Shirika la Afya Duniani, ICD-10 yenye herufi na tarakimu tatu, si ile ya Kimarekani yenye misimbo mirefu inayotenganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Ninashuku kwamba mkaguzi alifundishwa kwa vitabu vya Kimarekani.

#9 HerufiSaba
Basi mwulize kwanza yeye anasoma kitabu kipi. Katika toleo mnalotumia hakuna hata R20.9, ingawa nimewahi kuikuta katika mafaili ya watu wanaodai kulitumia. R20.9 ni ya Wamarekani. Kwenu, hitilafu ya hisia isiyoelezwa zaidi inaingia R20.8.

#10 MwanafunziTakwimu
Asanteni kwa elimu hii. Nina swali kuhusu zile alama za kuuliza. Tulifundishwa darasani kwamba ugonjwa unaoshukiwa hauandikwi kamwe, zinaandikwa dalili tu. Kwa nini basi tunajadili kisukari na handaki wakati daktari mwenyewe ameweka alama ya kuuliza?

#11 HerufiSaba
Mlichofundishwa ni kanuni ya Kimarekani ya wagonjwa wa nje. Wamarekani hao hao, mgonjwa akiwa amelazwa na akatoka na neno “inashukiwa”, wanauandika ugonjwa huo kana kwamba umethibitika. Juzuu ya pili ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inasema kwamba iwapo baada ya huduma kwisha hali kuu bado imeandikwa kuwa inashukiwa, na hakuna maelezo zaidi, basi huandikwa kama iliyothibitika. Wengi hushtuka wakiisoma mara ya kwanza. Kazi ya kitabu hicho ni takwimu, si madai ya bima, na mwenye kutaka takwimu anaona heri ashike dhana ya daktari kuliko kubaki na rundo la dalili zisizo na mwenyewe.

#12 FaharasaKwanza
Hapo ndipo palipo na utamu, kwa sababu dhana hapa ni mbili. Juzuu hiyo hiyo ina kanuni iitwayo MB5, inayohusu utambuzi mbadala. Inasema kwamba dalili ikiandikwa kuwa hali kuu, ikaonyeshwa kwamba huenda imesababishwa na ugonjwa huu au ule, chagua dalili. Lakini magonjwa mawili yakiandikwa kama machaguo ya utambuzi wa hali kuu, chagua lililotangulia. Kwa hiyo, ukiisoma sentensi ya daktari kuwa “ganzi, inayotokana na kisukari au handaki”, jibu ni dalili, na KalamuYaWodi yuko sahihi kuanza na R20. Ukiisoma kuwa “kisukari au handaki”, jibu ni lile la kwanza, na mkaguzi anapata E11.4 yake, ingawa kwa njia ambayo yeye mwenyewe hakuitaja.

#13 MezaYaMadai
Asante kwa kunisaidia bila kukusudia.

#14 MpendaKamusi
Yote yanategemea ile nukta baada ya neno “usiku”. Kama daktari aliiweka makusudi, ganzi ni habari iliyokamilika na zile alama za kuuliza ni habari nyingine. Kama ni nukta ya haraka, ni sentensi moja. Nimeona mikataba ikifikishwa mahakamani kwa sababu ya nukta, lakini sikujua kwamba na mikono inaweza kufika huko.

#15 NevaNaMishipa
Mimi ni daktari, niko upande wa wanaoandika vibaya, kwa hiyo mnisamehe mapema. Tazameni sehemu ya mwili. Neuropathia ya kisukari iliyozoeleka huathiri kwanza neva zilizo ndefu zaidi, nazo ni zile zinazofika vidole vya miguu. Hupanda polepole kama soksi, na kwa kawaida mikono hufikiwa pale ambapo miguuni ganzi imekaribia magoti. Mgonjwa mwenye ganzi ya mikono peke yake, asiyeilalamikia miguu, ana sababu ndogo ya kuitwa mwenye neuropathia hiyo. Ongezeni kwamba huzidi usiku, na mara nyingi wagonjwa wa namna hii huamka wakikung’uta mikono ili ipate nafuu: hiyo ni sura ya neva ya mediani iliyobanwa kwenye handaki la kifundo cha mkono, yaani G56.0. Ningeuliza jambo moja tu: ni vidole vipi? Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete ni mediani. Kidole cha mwisho na nusu ya pili ya cha pete ni neva ya ulna, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko, na msimbo unakuwa G56.2. Mkono mzima unaoambatana na maumivu ya shingo unanirudisha kwenye mizizi ya neva shingoni, na hapo tunahamia sura ya M, ya mifupa na misuli.

#16 HerufiSaba
Daktari, maelezo yako ni mazuri kuliko yaliyomo katika faili, na hapo ndipo penye tatizo. Sisi hatuna ruhusa ya kuandika G56.0 kwa sababu mtu mmoja mwenye elimu ameieleza vizuri katika uzi. Vidole havikuandikwa. Miguu haikutajwa, na kutotajwa si sawa na kutoumwa.

#17 NevaNaMishipa
Sikatai. Nasema tu kwamba mkaguzi aliyeandika E11.4 amefanya dhambi ile ile mnayonikataza, tena amechagua jibu ambalo kitabibu lina nguvu ndogo zaidi.

#18 MiezSita
Niruhusuni niongeze kisa changu, kwa kuwa mimi si mweka misimbo bali niliwahi kuwekewa. Nilipokuwa kwenye dawa za kifua kikuu, nyayo zilianza kuwaka, kisha zikawa kama nimekanyaga pamba. Ziara tatu mfululizo faili langu liliandikwa R20.2, kana kwamba ngozi ilikuwa imeamua yenyewe kunichokoza. Ziara ya nne daktari mwingine aliuliza kama napewa vitamini B6 pamoja na isoniazidi. Sikuwa nimepewa. Nilipoanza kuitumia nilipata nafuu taratibu. Nilikuja kuyaona mafaili yale baadaye, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni dawa iliyofanya hayo.

#19 FaharasaKwanza
Pole sana. Kisa chako ni mfano mzuri wa hasara ya kubaki kwenye R, sura ya dalili. Daktari wa nne alikuwa ameuhusisha ugonjwa na dawa, kwa hiyo ilipaswa kuandikwa G62.0, polineuropathia iliyoletwa na dawa, pamoja na Y41.1 inayoitaja dawa ya kundi la kifua kikuu iliyodhuru ikiwa imetumika kama ilivyoelekezwa. Bila ile Y, anayehesabu madhara ya dawa mwishoni mwa mwaka hatakuona kabisa. Ziara tatu za kwanza, hata hivyo, siwezi kuzilaumu: kama daktari hakuandika sababu, R20.2 ilikuwa ndiyo ukweli wa siku hiyo.

#20 MiezSita
Ukweli wa siku hiyo ulikuwa mguuni pangu, mkuu. Lakini nimekuelewa.

#21 VitaminiNaDamu
Kwa kuwa tumeingia kwenye dawa: yule mgonjwa wa #1 ana kisukari cha aina ya pili, basi kuna uwezekano anatumia metformini. Metformini ikitumika kwa miaka hupunguza vitamini B12 kwa baadhi ya watu, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana mno na ya kisukari. Anayechukulia kwamba kila ganzi ya mwenye kisukari ni E11.4 anamfungia mlango mgonjwa ambaye angetibika kwa sindano za vitamini. Upungufu huo una msimbo wake, E53.8, na ukifikia kuharibu damu unahamia D51. Sijasema ndicho alicho nacho. Nasema orodha ya wanaoshukiwa ni ndefu kuliko alama mbili za kuuliza.

#22 MezaYaMadai
Kwa mwendo huu tutamaliza kitabu kizima. Ukoma hautajwi?

#23 NesiWaZamani
Unatajwa, mwanangu, na usiufanyie mzaha. Baka la ngozi lisilohisi hata likiguswa kwa pamba ndiyo R20.0 halisi niliyoiona zaidi katika kazi yangu, nalo halikupaswa kubaki R20.0 hata siku moja, kwa kuwa A30 ya ukoma ilikuwa imeandikwa usoni pa mgonjwa. Tena mliosoma mtofautishe kufa ganzi na kupooza. Wagonjwa husema “mkono umepooza” wakimaanisha hausikii, na wengine husema “umekufa ganzi” wakimaanisha haunyanyuki. Nilikuwa nawaambia: nishike kidole kwa nguvu. Akishika, si kupooza. Na ikiwa ganzi imeanza ghafla, upande mmoja wa uso na mkono, mdomo ukaenda upande, huyo hana haja ya mweka misimbo, apelekwe mbio. Mtajua baadaye kama ni I63, kiharusi, au G45.9, kile cha kupita kwa muda mfupi.

#24 MpendaKamusi
Shikamoo mama. Ongeza na “mishipa”. Mgonjwa akisema mishipa inamuuma, hujui kama ni ya damu au ya fahamu, na msimbo unaweza kuangukia sura ya I au ya G kwa neno moja.

#25 NesiWaZamani
Marahaba. Na jina la daktari wa #15 linaonyesha kwamba ameamua kuvichukua vyote viwili.

#26 PumziTaratibu
Hakuna aliyegusa upande wa akili, nami niliwahi kuzungushwa huko. Nilikuwa napata ganzi ya vidole na kuzunguka mdomo, moyo ukienda mbio, nikiamini ni kiharusi. Niliandikiwa parestesia mara kadhaa hadi mmoja aliponitazama ninavyopumua. Mtu akipumua kwa kasi mno hutoa hewa ya ukaa kupita kiasi, damu inakuwa na alkali zaidi, kalisi iliyo huru hupungua, na neva zinaanza kuchokozeka. Dalili ni ya kweli kabisa, vidole vinachomachoma kweli, ila chanzo si neva. Mwishoni niliandikiwa F41.0, mashambulizi ya hofu. Nilichukia siku hiyo, lakini ulikuwa msimbo wa kwanza ulionipeleka kwenye tiba iliyofaa.

#27 HerufiSaba
Na kama daktari angeishia kwenye kupumua kwa kasi bila kutaja hofu, ingekuwa R06.4, dalili juu ya dalili. Mfano mzuri.

#28 MfumoMpya
Ndugu zangu, mnapigania nyumba inayohamwa. ICD-11 iliidhinishwa mwaka 2019 na imeanza kutumika rasmi Januari 2022. Hitilafu za hisia ziko MB40, handaki la kifundo cha mkono ni 8C10.0, na upande wa mwili unaunganishwa kwa msimbo wa nyongeza unaoanza na X. Unaweza kushona dalili, mahali na chanzo katika kamba moja. Mabishano ya aina hii yatakwisha.

#29 FaharasaKwanza
Hayatakwisha. Kamba ndefu inahitaji daktari aliyeandika maneno mengi, nasi tuna daktari aliyeandika neno moja na alama mbili za kuuliza. Kuhusu kuhama, kumbuka pia kwamba ICD-10 iliidhinishwa mwaka 1990, na kuna nchi zilizochukua miaka mingi kuihamia.

#30 MwanafunziTakwimu
Mimi nilidhani ICD-10 ni ya mwaka 2015.

#31 HerufiSaba
Oktoba 1, 2015 ni siku ambayo Wamarekani walianza kulitumia toleo lao la ICD-10. Kabla ya hapo, katika toleo lao la tisa, ganzi, kuchomwachomwa, kuwaka na hisia zilizozidi vyote vilikaa chini ya msimbo mmoja, 782.0. Wakongwe wengine wanautamani hadi leo. Ukitazama vizuri, 782.0 ulikuwa ukisema kile kile kinachosemwa na neno letu “ganzi”.

#32 MpendaKamusi
Hilo nitalikumbuka.

#33 KalamuYaWodi
Nimewasoma wote, asanteni. Nimefuata ushauri unaojitokeza katikati ya uzi na kumwandikia daktari swali rasmi: je, ganzi ni kutohisi au kuchomwachomwa, iko kwenye vidole vipi, na je, amefikia utambuzi wowote baada ya vipimo. Sikumtajia jibu lolote ili nisije nikaonekana kumwelekeza. Amejibu leo asubuhi. Nanukuu jibu lote: “Neuropathia ya kisukari.”

#34 MezaYaMadai
E11.4. Nawatakia siku njema.

#35 HerufiSaba
Usiondoke bado. E11.4 ina msalaba, alama ya msimbo wa chanzo, na msalaba huo unatafuta nyota yake, yaani msimbo wa pili wa sehemu iliyoathirika. Neva nyingi zikiathirika ni G63.2; neva moja moja ikiathirika ni G59.0. Daktari hakusema ni ipi. Tena kama vipimo vimeonyesha mediani peke yake imebanwa, kuna watakaosema kwamba hiyo ni G59.0, kwa kuwa daktari ameihusisha na kisukari, na wengine watasema ni G56.0 pamoja na E11.9, kwa sababu handaki lina msimbo wake na kisukari ni jirani tu.

#36 NevaNaMishipa
Mimi ni wa kundi la pili. Kisukari huongeza uwezekano wa handaki, lakini kinachobana ni handaki.

#37 FaharasaKwanza
Mimi ni wa kundi la kwanza, kwa sababu mwenye faili ameandika “ya kisukari”, na sina mamlaka ya kuifuta hiyo “ya”. KalamuYaWodi, mrudie umwulize: ni neva moja au ni nyingi?

#38 KalamuYaWodi
Nimemrudia. Amesema: “Mikono miwili.”